Uhakika wa chakula: ghala limejaa, mtoto amedumaa

Ukipita Mafinga mkoani Iringa au Vwawa mkoani Songwe mwezi wa saba, mahindi yako kila mahali: juu ya maturubai, kwenye malori, hadi barazani. Mwambie mtu wa huku kwamba mkoa wake una shida ya chakula, atakucheka. Iringa na Mbeya, pamoja na Rukwa na Ruvuma, ndizo zinazotajwa miaka yote kuwa zinalisha nchi.

Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza Tanzania kwa udumavu. Kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, karibu 57 walikuwa wafupi kuliko umri wao. Njombe walikuwa kama 50. Wastani wa taifa ulikuwa 30.

Ndiyo maana neno "uhakika wa chakula" halina budi kufafanuliwa. (Wengi husema "usalama wa chakula", ila mimi naona linachanganya, maana hilo ndilo tunalotumia pia kwa chakula kisicho na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu.) Mkutano wa kilele wa chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulisema uhakika upo pale watu wote, wakati wote, wanapoweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Kwa hiyo chakula kiwepo, kifikike, mwili ukitumie, na hali hiyo idumu mwaka mzima.

Sisi kuwepo tunako. Kufikika kunaanza kuyumba mkulima anapouza gunia mapema kwa sababu ya ada, halafu Februari ananunua unga kwa kilo, tena kwa bei iliyopanda.

Penye kidonda hasa ni mwilini. Mahindi yakikobolewa kupata sembe nyeupe, kiini na sehemu kubwa ya virutubishi hubaki kwenye pumba, na pumba analishwa nguruwe. Mayai na maharage yanapelekwa mnadani. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachiwa dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji mwepesi. Tumbo lake ni dogo, uji ni maji matupu, na akiugua kuhara hata hicho kidogo hakikai. Siku 1,000 tangu mimba kutungwa hadi anapotimiza miaka miwili zikipita hivyo, kimo kilichopotea ni vigumu kukirudisha.

Umoja wa Mataifa ulikadiria watu milioni 673 walikabiliwa na njaa duniani mwaka 2024. Hesabu hiyo inaangalia nishati, yaani kama mtu anapata chakula cha kumtosha kuishi na kufanya kazi. Mtoto anayeshiba ugali mtupu kila siku anaweza asiwemo kabisa.

Nyumbani nako haonekani. Wenzake wote kijijini wako kimo kimoja naye, na ukiuliza utaambiwa, "Ukoo wetu ni wafupi tu."