Kujifunza sauti za ndege kwa michezo ya simu: dhana potofu na ukweli

"Huo ni mchezo wa watoto."
Mchezo ni kweli, na nguvu yake iko hapohapo. Unasikia mlio, unakisia, unaambiwa papo hapo kama umepata au umekosa. Jambo ulilolitafuta kichwani hukaa kuliko lile ulilotajiwa tu. Anayeacha rekodi zijiendeshe ndani ya daladala atafika Mbagala amefurahi, lakini hajui nani ni nani.

"Programu ikinitajia jina, nimeshajifunza."
Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Merlin, programu ya bure ya Cornell Lab of Ornithology ya Marekani, ilianza kutambua sauti mwaka 2021. BirdNET nayo inatambua spishi zaidi ya 6,000. Zote hugeuza sauti kuwa picha, yaani spektrogramu: muda unakwenda kutoka kushoto hadi kulia, sauti nyembamba zinakaa juu, nzito chini. Kisha hulinganisha picha hiyo na rekodi zilizotumika kuzifundisha. Aliyefanya kazi hapo ni simu, si wewe. Kisia kwa mdomo kwanza, ndipo utazame kioo.

Wala jibu la simu si hukumu ya mahakama. Mlamba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, huiga milio ya hatari ya wanyama wengine ili wakimbie waache chakula, naye akichukue. Kama anawadanganya wenye manyoya, simu ni nani?

"Michezo yenyewe ni ya ndege wa Wazungu."
Nusu kweli. Mchezo wa Larkwire ulijengwa kwa ndege wa Amerika Kaskazini. Bird Song Hero ni ya Cornell, kama Merlin, ila inafundisha kusoma spektrogramu, na ujuzi huo unatumika popote. Kwa ndege wa kwetu, fungua jaribio la eBird, tovuti ambako watu huandikisha ndege waliowaona, kwenye kivinjari cha simu: chagua sauti badala ya picha, andika Dar es Salaam, weka tarehe. Litakuletea ndege wanaotarajiwa hapa kwa majira hayo. Tanzania ina spishi zaidi ya 1,100. Ukianza na zote utakata tamaa wiki ya kwanza. Ukitaka kurudia mlio mmoja uliorekodiwa na watu tofauti, nenda xeno-canto, tovuti ya rekodi za bure iliyoanza mwaka 2005.

"Kila ndege ana sauti moja."
Laiti. Ndege mmoja anaweza kuwa na wimbo wa kulinda eneo, mlio wa kuitana na ukelele wa hatari, na havifanani. Tiva ndiye mtihani wenyewe: dume na jike hupokezana haraka kiasi kwamba unaapa umesikia ndege mmoja. Dudumizi ni rahisi zaidi, noti zake zinashuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Mimi ningemwanzisha kila mwanafunzi kwa huyo. Mchezo unaokupa rekodi moja tu kwa kila ndege unakufundisha rekodi, si ndege.

"Mpaka uende Mikumi."
Hapana. Bustani ya Mimea pale Posta, Mlimani, mikoko ya Kunduchi, au msitu wa Pugu kama una nafasi. Wahi alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza. Kunguru utamsikia hata usipotaka.

"Inakula bando."
Ukishapakua kifurushi cha eneo lako, Merlin hufanya kazi bila intaneti.

"Kumpigia ndege sauti yake hakumdhuru."
Kunamdhuru. Anadhani mvamizi ameingia eneo lake, anaacha kula au kulinda kiota ili amfukuze adui asiyekuwepo. Msimu wa kuzaliana ni mbaya zaidi. Ukiwa porini, mchezo uchezwe kwa hedifoni. Spika ibaki nyumbani.