"Ukomunisti ulishawakomboa wanawake"

Kila muhula, tukifika kwenye mada ya Ulaya Mashariki, mkono mmoja lazima uinuke: "Mwalimu, si wanawake wa kule walishakombolewa na ukomunisti? Ufeministi wa nini tena?" Nimelijibu swali hili mpaka sauti imenikauka. Sasa naliandikia jibu.

Ajira walipata. Likizo ya uzazi, vituo vya kulelea watoto na haki ya talaka vilikuwepo pia, na sivibezi. Lakini katika Umoja wa Kisovieti, mwaka 1930 utawala wa Stalin uliivunja Zhenotdel, idara ya wanawake ya chama cha kikomunisti iliyoundwa 1919, kwa madai kwamba suala la wanawake limekwisha. Mwaka 1936 ukapiga marufuku utoaji mimba, uliokuwa halali tangu 1920.

Kisha njooni Romania. Mwaka 1966 Ceaușescu, kiongozi wake wa kikomunisti, alitoa Amri 770: mwanamke wa chini ya miaka 45 mwenye watoto wasiofika wanne haruhusiwi kutoa mimba, isipokuwa kwa sababu chache sana. Waliozaliwa mwaka huo walikuwa takriban 274,000. Mwaka uliofuata, 528,000. Miaka ya 1980 wafanyakazi wa kike viwandani walipimwa na madaktari papo hapo kazini, ili mwenye mimba ajulikane mapema asije akaitoa. Akitoka hapo mama huyo anakwenda kupanga foleni ya chakula, halafu nyumbani kuna kupika na kufua, na mume hagusi sufuria. Wengi waliotoa mimba kwa siri wakafa, zaidi ya 9,000 kwa hesabu rasmi. Amri ilifutwa Desemba 1989, siku chache tu baada ya utawala kuanguka. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu: kabla ya kufungua kitabu cha nadharia, zisome kwanza sheria za uzazi za nchi hiyo, mwaka kwa mwaka.

Wengine husema: "Ufeministi ni mambo ya Magharibi, yaliingia na pesa za wafadhili ukomunisti ulipoanguka, baada ya 1989." Pesa zilikuja, sikatai. Ila Natalia Kobrynska aliunda chama cha wanawake wa Kiukraine huko Galicia, jimbo la dola ya Austria wakati huo, mwaka 1884. Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, ilikuwa na mkutano wa kifeministi mwaka 1978. Leningrad, mwaka 1979, Tatiana Mamonova na wenzake walitoa kwa siri jarida lililopigwa taipu kuhusu maisha ya mwanamke wa Kisovieti. Mwaka uliofuata wakafukuzwa nchini. Na Prague, maktaba ya kwanza ya masomo ya jinsia ilianzia ndani ya nyumba aliyoishi mwanasosholojia Jiřina Šiklová.

Na wengine: "Demokrasia ilipokuja, usawa ukafuata." Poland iliruhusu utoaji mimba mwaka 1956 chini ya wakomunisti, ikaubana vikali mwaka 1993 chini ya bunge lililochaguliwa na wananchi. Hungary nayo, mwaka 2018, serikali iliyoingia kwa kura iliiondoa shahada ya uzamili ya masomo ya jinsia kwenye orodha ya shahada zinazotambuliwa.