Ile "s" inakaa wapi: "they want to go" na sentensi za aina yake

Katika kazi yangu ya kufundisha na kuhariri Kiingereza, sentensi ninayoisahihisha kuliko nyingine zote ni ya aina hii: "The boys wants to play." Anayeiandika si mzembe. Anajua wavulana ni wengi, ameitia "s" kwenye nomino, kisha akaitia tena kwenye kitenzi, kwa sababu Kiswahili kimemzoesha kwamba wingi hautajwi mara moja ukaachwa. Tunasema "watoto wadogo wanataka kucheza", na "wa-" inarudi kila panapohusika. Vitabu vizuri vimepotea, miti mirefu imekatwa. Sikio lililolelewa na upatanisho wa namna hii likisikia "boys" linangoja mwitikio, na mwitikio ulio karibu ni ile "s".

Bahati mbaya, hizo ni "s" mbili tofauti zenye sura moja. Ya nomino inatangaza wingi. Ya kitenzi inatangaza kinyume chake, yaani nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo. Ndiyo maana kwa nomino za kawaida "s" hukaa upande mmoja tu: "the boy wants", "the boys want". Na kuna viima vya wingi visivyo na "s" popote pale, kama "the children want to play", "people like to talk", "the police want to ask questions". Hapo mwanafunzi huona sentensi kama imepungukiwa na kitu, akaongeza kisichotakiwa.

Sasa tuje kwenye kitenzi cha pili, yaani kitenzi-jina chenye "to", kama "to play" katika "the boys want to play". Hiki hakibadiliki kwa lolote. Hakijui umoja wala wingi, hakijui jana wala leo. Mswahili hana sababu ya kushangaa, maana lugha yake inafanya vivyo hivyo: anataka kucheza, wanataka kucheza, walitaka kucheza. Nafsi na njeo vinabebwa na kitenzi cha kwanza, na "kucheza" inabaki kama ilivyo. Kwa hiyo "he wants to plays" na "they wanted to went" ni makosa ambayo ukiyageuza neno kwa neno kwa Kiswahili, utayakataa mara moja.

Tatizo la wingi ni kwamba unaficha mgawanyo huo wa kazi. Katika "he wants to go" unaona wazi kitenzi kilichovaa na kisichovaa. Katika "they want to go" vyote viwili viko uchi, na mwanafunzi haoni kipi kinaongoza. Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale kitenzi-jina kilikuwa na kiishio chake, "singan" kwa maana ya kuimba, na wingi wa wakati uliopo ulikuwa na chake, "singath". Karne kwa karne viishio hivyo vilidhoofika na hatimaye vikadondoka, na katika wakati uliopo wa vitenzi vya kawaida ikabaki "s" ya nafsi ya tatu umoja peke yake. Kitenzi "be" tu ndicho kinachotofautisha mpaka leo: "they are", lakini "they want to be".

Kutokana na hilo ninawapa wanafunzi wangu kipimo kimoja. Ukiandika sentensi ya wingi na huna hakika nayo, weka mtu mmoja mahali pa wale wengi. "The nurses refuse leave" inaweza kukupita bila kuishtukia. Igeuze iwe "the nurse refuses leave": sasa "refuses" imebeba alama ya nafsi, na "leave" iliyo nyuma yake inadai "to" iliyosahaulika. Irudishe kwenye wingi: "the nurses refuse to leave." Kipimo cha pili ni kuipeleka sentensi nzima wakati uliopita. Kinachobadilika kiwe kitenzi cha kwanza peke yake: "they decide to stay", "they decided to stay". Katika kukanusha, "do" ndiyo inayochukua mzigo wote: "they don't want to go", "he doesn't want to go", "they didn't want to go".

Jambo moja linawapita hata walioiva. Kitenzi-jina kinaweza kuonyesha kwamba tendo limekwisha, ila kwa kutumia "to have", kamwe si "to has" wala "to had". "They seem to have left", yaani wanaonekana kuwa wameondoka. Umoja nao ni "she seems to have left". Ninaona "to has" hata kwenye maandishi ya watu wanaojua Kiingereza vizuri kabisa.

Vitenzi vinavyofuatwa na "to" ni vingi, nami sipendi kuvikaririsha kwa orodha ndefu. Vingi vinahusu nia na mwelekeo wa mbele: "hope", "plan", "decide", "agree", "promise", "refuse", "expect". Vingine vinahusu kufaulu au kushindwa, kama "manage" na "fail". Kuna vinavyokataa "to" na kudai umbo la "-ing", kama "enjoy", "avoid" na "finish", na hivyo vya kuvizoea tu kwa kusoma. Baada ya "can", "must" na "should" hakuna "to" wala "s", iwe umoja au wingi. "Let" na "make" nazo huacha "to" kwa kitenzi kinachozifuata: "they make us wait". Lakini "make" ikitendwa, "to" inarudi: "we are made to wait." "Help" inakubali njia zote mbili.

Palipo na utamu hasa, kwa maoni yangu, ni swali la nani atatenda hilo tendo la pili. Kiswahili kinalijibu ndani ya kitenzi chenyewe. "Waliomba kuondoka" ni wao watakaoondoka. "Walituomba tuondoke" ni sisi, na "tu-" inasema hivyo bila shaka yoyote. Kitenzi-jina cha Kiingereza hakina mahali pa kuweka "tu-", kwa hiyo kinategemea mpangilio wa maneno: "they asked to leave", "they asked us to leave". Mtendaji wa pili anaingia katikati, na anaingia akiwa na umbo la yambwa, yaani la anayetendewa, "us", si "we". Hapa ndipo "wanataka twende" inapomponza mwanafunzi akaandika "they want we go" au "they want that we go". Kiingereza kinasema "they want us to go". Kwa namna hiyo hiyo, "walisubiri mvua ikome" inakuwa "they waited for the rain to stop".

"Suggest" ni ya kuangalia, kwa sababu inakwenda na Kiswahili badala ya kwenda na "want". "Walipendekeza tusubiri" ni "they suggested that we wait". "They suggested us to wait" si sahihi, ingawa imeenea sana.

Na ingawa kitenzi-jina hakionyeshi nafsi, mtendaji wake aliyefichika hujitokeza kwenye maneno yanayofuata. Linganisha "the parents expect to enjoy themselves" na "the parents expect the girl to enjoy herself". Kiima ni kilekile, cha wingi, lakini katika ya pili anayetarajiwa kufurahi ni binti, na "herself" inamfuata yeye. Vilevile ni "they want to become doctors", si "they want to become a doctor". Wingi wa kiima unaruka juu ya "to become" isiyobadilika, unatua kwenye nomino, sawasawa na "wanataka kuwa madaktari".

Vimebaki viima ambavyo wingi wake wenyewe una utata. "Everyone" inamaanisha watu wengi lakini kisarufi ni umoja: "everyone wants to win". "Each of the players" nayo hivyo hivyo, usidanganywe na "players" iliyo jirani na kitenzi. "A number of students want to join" ni wingi, kwa kuwa wanaotaka ni wanafunzi. "The number of students seems to be rising" ni umoja, kwa kuwa kinachopanda ni idadi. Kwa "team" na "government", Waingereza mara nyingi huandika "the team want to win" wakiwafikiria wachezaji. Wamarekani kwa kawaida huandika "the team wants to win". Chagua mtindo mmoja, uushike mpaka mwisho wa andiko.

Kigumu kuliko vyote ni kiima kinachojificha nyuma ya "there". Katika "there seem to be two problems", "there" imekaa mahali pa kiima lakini haina idadi yake yenyewe. Kitenzi "seem" kinachungulia upande wa pili wa "to be", kinaona "two problems", na kinaacha "s". Tatizo likiwa moja, "s" inarudi: "there seems to be a problem". Ukirefusha kitenzi-jina, kanuni haibadiliki: "there seem to have been two mistakes", "there seems to have been a mistake".