Ukimpunguzia maumivu, uchungu haukatiki

Mimi ni mkunga, na wanaojifungua nawapunguzia maumivu kwa akupancha, zile sindano za Kichina, au kwa kubonyeza kwa vidole sehemu hizo hizo za mwili. Jumatano alfajiri nimeondolewa mkono kwa mara ya tatu mwezi huu. Nilikuwa nimechutama kando ya kitanda cha leba, kwenye kituo kimoja cha afya hapa Tanga, kidole gumba changu kinabonyeza mguuni kwa binti wa miaka 22, mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 6. Mavyaa wake, yaani mama mkwe, mtu mzima wa mtaa wa Ngamiani, tasbihi mkononi, akanishika kiganja akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, mwache. Ukimtoa uchungu, huyo mtoto atatoka na nini?"

Nimelisikia swali hili kwa mama wakwe, kwa makungwi, kwa waume waliosimama mlangoni, na mara mbili kwa manesi wenzangu. Kwa hao wawili wa mwisho ndipo nilipokasirika.

Kosa linaanzia kwenye neno. Sisi tuna neno moja, uchungu, na tumelibebesha mambo mawili. Tukisema "kashikwa na uchungu" tunasema mji wa mimba umeanza kukaza na kuachia. Tukisema "anasikia uchungu" tunasema anaumia. Basi mtu akisikia "sindano za kupunguza uchungu wa kuzaa" anaelewa kwamba nakuja kuizima ile mikazo. Na uchungu ukikata, kila mwanamke wa hapa anajua kinachofuata: dripu, rufaa, kisu. Hofu yao ina akili ndani yake, lakini imeshika kitu kisichokuwepo. Ndiyo maana mimi kazini nasema "mikazo" na "maumivu", na neno uchungu nimeliacha nyumbani.

Mji wa mimba ni msuli. Unakaza kwa nguvu zake wenyewe na kwa homoni ya oksitosini inayoletwa na damu kutoka kwenye ubongo, na oksitosini ndiyo hiyo hiyo tunayoitia kwenye dripu ya kuongeza uchungu. Maumivu ni habari inayopanda kwenye neva kuelekea kichwani. Habari ikipungua makali, msuli haujui. Wapo wanawake waliovunjika uti wa mgongo, kiuno chote hakina hisia, na wanashikwa na uchungu wakazaa kwa njia ya kawaida. Hatari yao ni kwamba mikazo inaweza kuanza wao wasijue. Ingekuwa maumivu ndiyo yanayofungua njia, hao wasingezaa kamwe.

Maneno haya sikumwambia yule mama. Nilichukua mkono wake nikauweka juu ya tumbo la mkwewe. Wakunga tunafundishwa kupima mkazo kwa ncha za vidole: ukiwa hafifu tumbo linabonyea kama ncha ya pua, ukiwa wa kati ni kama kidevu, ukiwa na nguvu ni kama paji la uso, kidole hakizami. Tukangoja. Mkazo ukaja, nami nabonyeza mguuni. Binti akafumba macho, akatoa pumzi ndefu kwa mdomo, taya limelegea, mabega yameshuka. "Bonyeza, mama." Akabonyeza. Paji la uso. Tukahesabu pamoja kwa saa ya ukutani: sekunde 50. Usoni utadhani mambo yametulia, na tumboni kazi inaendelea vilevile. Yule mama akaniangalia, akarudisha tasbihi begani, akauacha mkono wake palepale.

Kuna jambo jingine kuhusu sehemu zenyewe. Ninazotumia zaidi ni tatu: nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, upana wa vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, nyuma tu ya mfupa wa muundi, na vile vishimo vya mgongoni juu ya makalio. Tiba ya Kichina yenyewe inakataza kugusa hizo mbili za kwanza kwa mjamzito ambaye siku hazijafika, kwa madai kwamba zinaamsha mji wa mimba. Yaani mapokeo yaliyozaa sindano hizi yanaogopa zisije zikaanzisha uchungu, na sisi huku tunaogopa zisije zikaukata! Mimi naheshimu katazo hilo, ingawa siahidi mtu kwamba nitamwanzishia uchungu kwa sindano.

Wapo na wa upande wa pili, wanaokuja wakitaka "ganzi ya Kichina". Hakuna. Sindano yangu ni nyembamba, robo ya milimita, haina dawa ndani, inatumika mara moja na kutupwa. Inaleta uzito, kujaa, kama kitu kinatambaa chini ya ngozi, na inapunguza makali. Anayetaka asisikie kitu azungumze na daktari wa ganzi kuhusu sindano ya mgongo, pale inapopatikana. Imani hii imezunguka dunia tangu Julai 1971, pale James Reston, mwandishi wa New York Times, alipopasuliwa kidole tumbo Beijing. Watu wakashika kwamba alipasuliwa kwa akupancha. Sivyo. Alipasuliwa kwa ganzi ya dawa ya kawaida. Sindano za kiwiko na za chini ya magoti zilikuja usiku wa pili, tumbo lilipokuwa limejaa na kumsumbua.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 28 ya sindano na ya kubonyeza kwa vidole wakati wa kujifungua, wanawake 3,960. Waliochomwa sindano za kweli walipolinganishwa na waliochomwa za kuigiza, ukali wa maumivu ulikaribiana sana. Tofauti ilionekana kwenye kuridhika na kwenye kupungua kwa dawa za maumivu. Kubonyeza kwa vidole, kukilinganishwa na huduma ya kawaida, kulionekana kupunguza maumivu. Na ushahidi wenyewe kwa sehemu kubwa ni dhaifu. Nimeusoma mara nyingi. Siku hizi, mwanamke akiniambia "mkono wako umenisaidia", najiuliza kama ni ile sehemu, au ni kwamba kuna mtu amekaa naye saa nne bila kuondoka, anamshika mguu na kumwita kwa jina lake. Ndiyo sababu siku hizi natumia vidole zaidi kuliko sindano, na sioni aibu kusema hivyo.

Na kuna mahali ambapo yule mama wa Ngamiani angekuwa sahihi kunizuia. Maumivu ya mkazo yanakuja, yanapanda, yanaondoka, na katikati tumbo linalainika. Yakikaa tu bila kuachia, tumbo gumu kama ubao, sitii kidole wala sindano. Naita daktari hapo hapo, kwa sababu hiyo inaweza kuwa kondo inabanduka, au kovu la upasuaji wa zamani linafumuka. Kadhalika damu nyingi, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au mtoto kuacha kucheza: hospitali, msije kwangu kwanza.

Binti alijifungua saa tatu kasoro asubuhi, mtoto wa kike. Mavyaa alihesabu mikazo yote iliyobaki, mingine kwa sauti.

Kwa hiyo naomba hivi. Mwenye mimba ya wiki 36 na kuendelea, njoo na yule atakayekusindikiza leba, hasa kama ni mkweo na hasa kama hataki. Mgongo tutafanyia kwako. Ile ya mguu nitamfundishia mguuni kwake yeye mwenyewe, maana kwako bado haijafika zamu, na nataka asikie kwanza uzito wake kabla hajaja kukubonyeza wewe.