Falsafa ni nini? Maswali ya mtoto siku ya bamvua

Asubuhi moja, mwendo wa saa nne, nilisimama na mpwa wangu karibu na Bandari ya Kale, Mombasa. Maji yalikuwa yametoka sana. Dau moja lilikuwa limelala ubavu kwenye tope, kamba ya nanga imelegea, kaa wadogo wakipita chini ya mkuku wake. Pembeni aliketi mzee mvuvi akishona wavu.

"Babu, maji yamekwenda wapi?" mtoto akamuuliza.

"Bamvua hilo, mjukuu wangu, siku za maji kujaa sana na kutoka sana. Mwezi umeandama juzi."

"Mwezi una nini na maji?"

Mzee akaishika sindano bila kuisogeza. Akasema ndivyo alivyofunzwa, na tangu aanze kwenda baharini hajaona bamvua likikosa miadi. Lakini kwa nini mwezi, hilo hakuwahi kuliuliza.

Nimewasikia watu wengi wakilitumia neno falsafa kwa maana ya msimamo au msemo: falsafa ya kocha, falsafa ya chama, "falsafa yangu ni kutokopa". Matumizi hayo yana haki yake. Ila neno lenyewe lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, nalo asili yake ni Kigiriki, kwa maana ya kupenda hekima. Na kupenda huko ndiko alikokuwa nako mpwa wangu. Alikwisha kupata jibu, na bado akauliza.

Kwa kawaida historia ya kazi hii huanzishwa na Thales wa Miletus, mji wa pwani katika nchi ambayo leo ni Uturuki, zaidi ya karne 5 kabla ya Kristo. Alisema asili ya vitu vyote ni maji. Hakupatia. Ila alilieleza jambo la maumbile kwa jambo jingine la maumbile, kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kumkosoa. Na alikosolewa: Anaximenes, wa mji huohuo, akasema asili ni hewa. Baadaye Democritus, Mgiriki mwingine, akazungumzia chembe ndogo zisizogawanyika. Mimi naona ubishi ule ni mkubwa kuliko majibu yake, kwa kuwa mwanafunzi aliruhusiwa kutomkubali mwalimu wake na bado akahesabiwa kuwa mwanafunzi.

Tuyarudie maji ya Mombasa. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Katikati yake huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo. Wavuvi wetu wanalijua hilo bila kitabu. Sasa, mwaka 1632 Galileo, mwanasayansi wa Italia na mmoja wa watu wenye akili kubwa kabisa waliowahi kuishi, aliandika kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu ya mwendo wa dunia, na akamlaumu Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, kwa kuamini kwamba mwezi huyatawala maji. Mzee wa Bandari ya Kale angemsahihisha. Ilipofika 1687 ndipo Newton, mwanasayansi wa Uingereza, alipoeleza kwamba mwezi na jua huvuta maji ya bahari.

Hapo kuna aina mbili za kujua, na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuzitenga: kujua kwamba jambo liko, na kujua kwa nini liko. Mzee alikuwa na ya kwanza kamili. Galileo aliitafuta ya pili, akapotea njia.

Swali la maarifa huenda ndani zaidi, na hapa ndipo napendapo kukaa. Tumeona mara elfu mwezi ukiandama na bamvua likija. Je, tumeona kitu gani hasa? Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilitia swali hili katika mfano wa pamba na moto. Pamba ikiguswa na moto inaungua. Macho yetu, alisema, yanashuhudia kuungua kukitokea pamoja na mguso; hayashuhudii kwamba moto ndio uliounguza. Kwake yeye mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na kule kufuatana tunakokuona ni desturi. Baadaye Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Cordoba, Uhispania, akamjibu kwa ukali: anayekana sababu anaikana akili yenyewe, kwa maana kujua kitu ni kujua sababu zake.

Miaka zaidi ya 600 baada ya al-Ghazali, mwanafalsafa David Hume huko Uskoti akafika karibu na palepale, bila kumtaja Mungu: tunatarajia kesho ifanane na jana kwa mazoea tu. Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alikiri kwamba Hume ndiye aliyemwamsha usingizini, na mwaka 1781 akatoa jibu lake: sababu na matokeo ni namna ambayo akili ya mtu huyapanga yale anayoyaona. Mimi bado moyo wangu uko kwa Ibn Rushd. Lakini kila nikitia sufuria jikoni namkumbuka al-Ghazali, na sina la kumjibu haraka.

Je, nasi tuna wanafalsafa au tuna methali tu? Mkenya Henry Odera Oruka, wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaendea wazee wa vijijini na kuwahoji. Akawatenga wawili: mzee anayeyajua mapokeo ya watu wake na kuyasimulia vizuri, na mzee anayeyapima mapokeo hayo, akakubali hili na kulikataa lile kwa hoja. Wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa, awe amesoma au hajasoma. Kipimo hiki nakiona cha haki, nacho kinambana hata profesa anayekariri.

Kuhusu maana ya maisha, Aristotle alisema lengo ni kustawi kwa kutenda mema kwa mazoea, na Epicurus, Mgiriki aliyekuja baada yake, akasema ni utulivu usio na hofu ya kifo. Aliye karibu nasi zaidi ni John Mbiti, mwanazuoni Mkenya mzaliwa wa Kitui, ambaye mwaka 1969 alieleza fikra za Kiafrika kuhusu wakati kwa maneno mawili ya lugha yetu: sasa na zamani. Alidai kwamba fikra hizo hazikuwa na wakati ujao wa mbali, akaegemea vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Wengi walimpinga, na naungana nao. Kuwahukumia Waafrika wote kwa vitenzi vya lugha mbili ni kupita mpaka. Lakini sehemu moja ya maelezo yake hainitoki: aliyefariki hubaki katika sasa maadamu wapo waliomjua na wanaomtaja kwa jina. Wa mwisho wao akiondoka, naye huzama katika zamani.

Kabla hatujaondoka, mpwa wangu alimuuliza mzee nani alimfunza kuhesabu siku za mwezi. Mzee akamtaja nahodha mmoja, kwa jina lake na la baba yake, akaonyesha kwa kidole gati alilokuwa akifungia dau. Tangu wakati ule mtoto hulitaja jina hilo kila tupitapo pale. Kwa hesabu ya Mbiti halitoshi, maana hakumwona kwa macho. Nahodha yule anashikiliwa na mzee, aliye peke yake na wavu wake, maji yakianza kurudi.