Kwa nini herufi za kwenye vifodi vya Arusha ni nyembamba na zimelala?

Simama kando ya barabara pale Sakina, Arusha, uangalie vifodi, yaani daladala ndogo, vya Ngaramtoni vikipita. Majina na misemo iliyobandikwa kwenye vioo mara nyingi ina sura moja: herufi nyembamba, ndefu, zisizo na vijimkia kwenye ncha, zimelalia kulia kidogo. Kwa nini?

Wembamba ni hesabu tu. NGARAMTONI ina herufi 10. Kwenye kibao cha sentimita 60, kila moja inapata wastani wa sentimita 6 za upana. Kama upana wa herufi ni robo tatu ya kimo chake, utaishia sentimita 8 kwenda juu. Chukua fonti iliyobanwa, yenye upana nusu ya kimo, ufike 12. Kibao ni kilekile, ila anayelikimbilia gari analisoma jina mapema.

Kulaza kuna asili nyingine, tena ya zamani. Francesco Griffo alimchongea Aldus Manutius, mchapaji wa Venice, herufi za mlazo zilizoiga mwandiko wa haraka wa mkono, na mwaka 1501 kikatoka kitabu kizima kwa herufi hizo. Zisizo na vijimkia zilichelewa sana: za kwanza za chapa tunazikuta London mwaka 1816, kwa William Caslon IV, tena herufi kubwa tupu. Leo mlazo tunausoma kama mwendo, maana anayekimbia huinamia mbele. Zilaze kushoto uone: gari litakuwa kama linafunga breki.

Sasa, kuna kubana na kuna kuminya. Niliwahi kupeleka bango la duka kwa kijana wa plota, mashine ya kukatia stika, Moshi, maneno nimeyasukuma kwa mausi mpaka yakaenea. Akaliangalia, akacheka: "Kaka, hii umeiminya." Akanionyesha H: miguu miwili imekonda, mwamba wa katikati umebaki mnene vilevile. O nayo, niliyoilaza kwa kompyuta, ilikuwa imevimba juu kulia na chini kushoto, kwingine imesinyaa. Mchoraji wa fonti halisi huyarekebisha hayo herufi kwa herufi. Ndiyo maana mchoraji wa fonti Adrian Frutiger, katika fonti yake ya Univers ya mwaka 1957, aliyapa maumbo hayo namba zake: 57 ni iliyobanwa, 58 ni iliyobanwa ikalazwa. Tarakimu ya kwanza ni unene. Ukitaka nene zaidi, nenda 67 na 68.

Kwa jina la gari, fulana ya timu au kichwa cha bango, sina ugomvi nazo. Ila kwa aya nzima zinachosha macho. Na namba ya simu, tafadhali, iandike kwa herufi pana zilizosimama. Zikibanwa, matundu ya 6 na 8 yanazibika, na kwa mbali 3 nayo inajiunga nazo.