Nafasi ya uzamivu yenye ufadhili katika kemia ya kibiofizikia: yanayowaangusha waombaji

Kila msimu wa maombi ya uzamivu kitengo chetu cha udahili hupokea malalamiko, na msimu huu yameongezeka. Wengi waliwaandikia maprofesa wasijibiwe. Wengine walimlipa wakala kwa nafasi ambayo haikuwepo. Wapo pia wenye alama za juu waliokataliwa bila hata kuitwa kwenye usaili. Tunaamini karibu wote waliomba kwa nia njema, ndiyo maana tunaeleza hapa jinsi mambo yanavyokwenda. Maelezo haya ni ya jumla. Yakitofautiana na tangazo la nafasi unayoiomba, fuata tangazo.

Tuanze na dhana inayoleta usumbufu mkubwa kuliko zote. Nafasi yenye ufadhili haitolewi kama tuzo ya kufaulu mitihani. Ni fedha zilizoombwa kwa ajili ya mradi fulani, zikapitishwa kwa mradi huo, na zina tarehe ya kwisha. Mradi unaochunguza jinsi protini inavyojikunja hauwezi kumlipa anayetaka kupima uchafu wa maji ya mito, awe na alama zozote. Barua inayosema “niko tayari kufanya utafiti wowote nitakaopangiwa” aliyeiandika huiona ya unyenyekevu. Anayeisoma huelewa kwamba tangazo halikusomwa, na hapo ombi huwekwa kando. Tumeshalisema hili mara nyingi, na barua hizo bado zinakuja.

Mifumo nayo hutofautiana, na kuichanganya humpotezea mwombaji mwaka mzima. Ujerumani, nafasi nyingi ni ajira yenye mkataba kwenye daraja la mshahara liitwalo E13, mara nyingi kwa asilimia 65 ya mshahara kamili, na mkataba huo unakuja na bima ya afya na michango ya pensheni. Mwenye udhamini wa masomo badala ya mkataba kwa kawaida hana michango hiyo, kwa hiyo uliza mapema unapewa kipi kati ya hivyo viwili. Uholanzi pia mtafiti wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa, kwa miaka minne. Marekani unaomba kwenye programu nzima, mara nyingi kufikia Desemba. Programu nyingi humzungusha mwanafunzi kwenye maabara kadhaa mwaka wa kwanza kabla hajachagua msimamizi, na kwa kawaida shahada ya uzamili si sharti. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya ina sharti ambalo waombaji huliruka: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi au kufanya shughuli yako kuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya taasisi inayokuajiri. Sharti hili halina mjadala. Halitazami umri wala uraia, na msimamizi hana uwezo wa kukusamehe hata akikupenda vipi.

Sasa wateuzi wanatafuta nini? Kemia ya kibiofizikia, yaani kuchunguza molekuli za viumbe hai kwa mbinu za fizikia na kemia, inakaa katikati ya kemia, fizikia na biolojia, na ni nadra kumpata mwombaji aliyekamilika kote. Mwanabiokemia huja na mikono mizuri ya maabara lakini hisabati yake imelala. Mwanafizikia anajua milinganyo, ila hajawahi kusafisha protini ikaganda mbele ya macho yake. Hakuna kati yao anayekataliwa kwa pengo hilo. Wanaokataliwa ni wale wanaolificha kwa kuorodhesha mashine: hadubini ya elektroni ya baridi kali, NMR (mbinu ya kuchunguza molekuli kwa sumaku kali), spektroskopia ya fluoresensi, zote kwenye mstari mmoja wa wasifu, bila neno juu ya walichopima nazo.

Eleza kipimo kimoja kwa undani. Kama ulipima nguvu ya molekuli mbili kushikana, taja ukolezi uliotumia, modeli uliyolinganisha na data, konstanti ya utengano (Kd) uliyopata, yaani namba inayoonyesha jinsi molekuli hizo zinavyoshikana kwa nguvu, na kosa lake la kipimo. Kisha sema kwa nini uliamini modeli hiyo. Kwenye usaili swali la kawaida ni kama hili: konstanti ya utengano ni mikromola 1 kwa lita, nusu ya protini itakuwa imeshikwa lini? Ni pale ukolezi wa kishikizi (molekuli inayoshikamana na protini) kilicho huru unapofika mikromola 1, kama kila protini ina sehemu moja tu ya kushikia. Anayejibu kwa kutaja ukolezi wote aliouweka kwenye mrija ameteleza, kwa sababu sehemu yake tayari imeshikwa. Kuteleza hapo kunasameheka ukiweza kufikiri njia yako kurudi kwenye jibu. Jibu lililokaririwa ambalo mwenyewe huwezi kulitetea ndilo linaloharibu usaili.

Tunaandikiwa pia kwamba bila maabara ya gharama kubwa haiwezekani kushindana. Hapana. Hazina ya miundo ya protini iitwayo Protein Data Bank ipo tangu 1971, sasa ina miundo zaidi ya 200,000, na kuipakua ni bure. GROMACS, programu ya kuiga mienendo ya molekuli, ni bure vilevile. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuchukua protini ndogo, kuiga mwendo wake kwa muda mfupi, kuchora grafu na kuandika kwa ukweli nini kimeonekana na nini hakikuonekana kwa sababu muda wa uigaji ulikuwa mfupi. Ukurasa mmoja wa namna hiyo tunausoma kwa hamu.

Kuhusu nyaraka, tuwe wazi. Jina liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye pasipoti, katika kila hati. Hati za matokeo ziwe kamili, pamoja na ukurasa wa nyuma unaoeleza mfumo wa alama. Tafsiri ifanywe na mfasiri aliyeidhinishwa na iambatanishwe na nakala ya hati asili. Barua za mapendekezo zitumwe na waandishi wenyewe, kutoka anwani zao za kitaasisi. Barua iliyotumwa na mwombaji haihesabiwi hata kama ni ya kweli, na kumpigia simu afisa udahili hakubadilishi hilo.

Hati ya kughushi huondoa ombi mara moja. Ikigundulika baada ya kuajiriwa, mkataba huvunjwa. Baada ya kuhitimu, shahada inaweza kufutwa. Maombi ya viza yana adhabu zake: Uingereza, aliyebainika kutumia udanganyifu anaweza kukataliwa maombi yake kwa miaka 10. Hatulisemi hili kwa kutisha watu. Tumeona kazi nzuri ikipotea kwa sababu ya alama moja iliyobadilishwa.

Vyuo vingine, hasa vya Marekani, hutoza ada ya maombi inayolipwa kwenye mfumo rasmi wa chuo, na vingi hutoa msamaha ukiombwa kabla ya tarehe ya mwisho. Zaidi ya hapo, hakuna profesa anayeuza nafasi. Anayedai pesa ya “kushikilia nafasi” ni tapeli. Usijadiliane naye, hifadhi ujumbe wake na uutume kwa ofisi ya udahili ya chuo anachodai kukiwakilisha, kupitia anwani iliyo kwenye tovuti rasmi ya chuo.

Ukipata nafasi, jibu kwa maandishi. Vyuo vya Marekani vilivyosaini makubaliano ya tarehe 15 Aprili haviwezi kukulazimisha kuamua kuhusu ufadhili kabla ya siku hiyo. Kwa Uingereza, waombaji wa mataifa mengi kwenye fani kama hii huhitaji cheti cha ATAS, kibali cha serikali kwa watu wa nje wanaosomea fani nyeti za sayansi, kabla ya viza. Hutolewa bure, lakini huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo kiombe mara upatapo barua ya udahili. Na ukiamua kukataa nafasi, andika siku hiyohiyo. Aliye wa kwanza kwenye orodha ya akiba anasubiri jibu lako, na viza yake nayo ina foleni.